Kariakoo ni Jina la Nani?



Hakuna kijiji katika Tanzania yetu ambacho hakina kitu kilichotoka Kariakoo. Tazama nyumbani mwako. Khanga ya mama, sufuria ya jikoni, viatu vya mtoto vya shule, pengine hata kengele ndogo ya kanisani: vingi vilipita katika mitaa ile ya Dar es Salaam kabla ya kufika kwako juu ya lori. Jina la Kariakoo twalitamka kila siku. Lakini ukimwuliza mtoto, au hata mtu mzima, jina hilo maana yake nini, atakujibu kwamba ni jina la soko, basi. Juma hili nataka tukae kitako tulizungumze jina hilo, kwa sababu ndani yake wamezikwa watu wetu.

Majina ya mitaa ya Dar es Salaam mengi hujieleza yenyewe. Mnazi Mmoja ni mahali penye mnazi mmoja. Gerezani ni penye gereza. Mchafukoge ni jina la mzaha, mwenye kusikia Kiswahili hacheki mara moja. Ukipita Kariakoo yenyewe utakuta mtaa wa Nyamwezi, wa Gogo, wa Kongo, wa Pemba, wa Mafia. Ni kama watu wa nchi nzima walikuja pale, kila kabila na kona yake. Lakini neno lenyewe, Kariakoo, si la Kiswahili, wala si la Kizaramo walio wenyeji wa pwani ile. Limetoka wapi?

Yasimuliwa hivi, na historia yakubali. Hapo zamani za Wadachi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, palijengwa pale jengo kubwa lililokusudiwa kuwa soko la watu weusi. Vita ikaanza mwaka 1914 kabla jengo halijafanya kazi yake. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza wakautwaa mji wa Dar es Salaam. Bandari ikawa mlango wa vita: humo zilishushwa bunduki, unga, dawa na watu, na humo zilipakiwa meli za kwenda Kilwa na Lindi, ambako mapigano yaliendelea. Lile jengo la soko na uwanja wake likageuzwa kambi ya wapagazi.

Jeshi la wapagazi hao liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waingereza, kama mjuavyo, huandika herufi nyingi na kutamka chache. Neno hilo la pili hulitamka «koo» tu, na zile herufi za mwisho huzimeza. Watu wetu waliandika kwa masikio yao. Wakasema Kariakoo. Vita ilipokwisha kambi ikavunjwa, na mwaka 1923 jengo likaanza kazi yake ya kwanza, kuwa soko. Lakini jina la kambi halikuondoka. Nairobi nako iko Kariokor, na Unguja iko Kariakoo, na asili ni hiyo hiyo.

Ukienda leo kulitafuta lile jengo la kale hutaliona, hata jiwe moja. Lilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili lijengwe soko jipya, lile lenye paa kama miavuli mikubwa ya zege, lililochorwa na Mtanzania mwenzetu, marehemu Beda Amuli. Lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Soko hilo nalo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao yote. Kwa hiyo gofu la kambi ya wapagazi halipo. Nchi nyingine wana magofu yao ya mawe, kinu cha kale au ngome iliyobomoka, nao wazee huwapeleka watoto wakawaonyeshe na kuwasimulia. Sisi pale Kariakoo gofu letu ni neno. Hilo ndilo lililobaki la kuonyesha.

Basi wapagazi hao walikuwa akina nani?

Ndugu msomaji, walikuwa watu wa vijijini kama wewe. Nchi ile ya vita haikuwa na barabara za kupitisha motokaa, na ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Askari mmoja akienda vitani, risasi zake, unga wake, hema ya afisa wake, na maji, vyote vilikwenda kichwani mwa mtu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 50 hata 60, yaani karibu kilo 25. Na mpagazi mwenyewe ni lazima ale. Basi ilitakiwa wapagazi wengine wamchukulie chakula, na hao nao watafutiwe wengine. Ndiyo maana watu walihitajiwa kwa maelfu juu ya maelfu. Walitolewa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na wengine waliletwa kwa meli kutoka mbali kama Sierra Leone.

Wengine waliandikishwa kwa mshahara. Lakini vita ilipozidi, hasa mwaka 1917, wengi sana walikamatwa tu. Jumbe aliambiwa atoe watu kadha wa kadha, naye akatoa. Mtu alitoka asubuhi kwenda shambani, jioni mke wake akabaki na jembe lisilo na mwenyewe. Upande wa Wadachi ulikuwa hivyo hivyo, na pengine zaidi, maana Wadachi walikuwa wakihamahama na kuchukua watu katika kila nchi waliyopita. Wengi wao hawakuandikwa popote. Upande wa Waingereza mpagazi alipewa namba na kibati cha kuvaa. Jina lake lilibaki kwao, namba ikaenda vitani.

Hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na chakula, mvua na maradhi. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, nao wakifika kambini usiku, kuni mbichi, mvua yanyesha, waliupika nusu nusu wakala. Tumbo likaharibika, wakaharisha damu. Wengine wakashikwa na homa, wengine na kichomi, maana watu wa nchi ya joto walipelekwa penye baridi, na wa baridi wakapelekwa penye mabwawa ya mto Rufiji. Nguo zilikuwa haba. Aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani.

Wanahistoria wamejaribu kuwahesabu. Kwa upande wa Waingereza peke yake husema walikufa karibu 95,000, na wengine hukadiria kwamba walizidi 100,000. Wa upande wa Wadachi hakuna aliyewahesabu sawasawa. Tafakari namba hiyo. Ukichukua kijiji chenye watu elfu moja, ni kama kuvifuta vijiji mia, na wote waliofutwa wawe vijana wenye nguvu za kulima.

Tena si wao tu waliokufa. Mashamba yalikosa mikono, na majeshi ya pande zote yalikomba nafaka na ng'ombe. Wagogo hata leo wanaijua njaa ya Mtunya, iliyowapiga tangu mwaka 1917 hata 1920, mvua zilipokataa baada ya vita kula akiba yote. Na mwaka 1918 ikaja homa ya mafua makali iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Methali yetu yasema kwamba fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Wapagazi na wake zao na watoto wao ndio waliokuwa nyasi.

Sasa niwaambie jambo moja juu ya hadithi za wazee. Zamani za ukoloni, pwani yote na katika mitaa ya Dar es Salaam, palienea hofu ya mumiani. Ilisemwa kwamba wako watu wanaokamata wenzao usiku, wakawatia shimoni na kuwatoa damu ifanywe dawa ya wakubwa. Watu waliwaogopa hata wazima moto na gari lao jekundu. Mapadre walilikemea jambo hilo, na ni haki yao, maana hofu ya namna hiyo imewahi kuwaletea hatari watu wasio na kosa. Sisi Wakristo hatuisadiki.

Lakini ningependa tuisikilize kabla ya kuicheka. Mimi naona hadithi kama ile haioti penye mchanga mtupu. Fikiri mtu aliyeona kaka yake akikamatwa na watu wa Serikali, asielezwe anakwenda wapi, asirudi, usiletwe mwili, usiletwe hata mkeka aliolalia. Atasemaje kwa watoto wake? Watu waliona kwamba nguvu za vijana wao zilichukuliwa na wageni wakazitumia. Hawakuwa na neno la kulieleza jambo hilo, nao wakasema: walinyonywa damu. Hadithi ilikuwa ya uongo. Msiba ulioizaa ulikuwa wa kweli. Hivyo ukimsikia bibi akisimulia mambo ya ajabu ya kale, usimkatize upesi kwa kusema ni ushirikina. Mwulize kwa upole: Bibi, ni nani wa kwetu aliyechukuliwa?

Je, katika giza lile hapakuwa na mwanga? Ulikuwapo. Kule Unguja askofu wa Kianglikana, Frank Weston, aliongoza mwenyewe wapagazi wa visiwani mwaka 1916, akaenda nao safarini kwa miguu. Na kwetu Wakatoliki, Masista Wakonsolata walitoka katika misioni zao za Kenya wakaja kuwauguza wapagazi hospitalini. Hospitali zenyewe, msidhani ni nyumba za vioo! Vilikuwa vibanda vikubwa, wagonjwa wamelala chini kwa mamia, na harufu isiyosemeka.

Mmoja wa Masista hao alikuwa Sista Irene Stefani, aliyezaliwa Anfo katika Italia mwaka 1891. Alihudumia wapagazi Voi, Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Alikuwa kijana wa miaka 25 tu alipoanza kazi hiyo. Aliosha vidonda, akalisha wasioweza kujilisha, akajifunza maneno ya lugha zao ili asiwe mgeni kitandani mwao, na wale walioomba aliwafundisha imani na kuwabatiza.

Yasimuliwa habari yake moja ya Kilwa Kivinje. Alikuwako mgonjwa mmoja aliyekuwa akifundishwa dini. Siku moja Sista alikuta mahali pake pa kulala patupu, akaambiwa kwamba amekufa na kuchukuliwa pwani pamoja na maiti wengine. Sista hakuridhika. Akashuka hata ufukoni, jua likichwa, akaanza kutafuta kati ya miili iliyolazwa pale, mmoja mmoja. Akamwona yule mtu, bado anapumua. Akambatiza, akakaa naye mpaka alipokata roho.

Wenzangu, habari hii yatosha kuwa mahubiri. Wote walikwisha kusema mtu yule amekufa. Alikuwa namba iliyofutwa. Mwanamke mmoja peke yake alidhani kwamba mtu huyo yafaa atafutwe. Wakikuyu walimpa Sista Irene jina la Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata kwa kumwuguza mwalimu mgonjwa, na tarehe 23 Mei 2015 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Nyeri.

Katikati ya mji wa Dar es Salaam, si mbali na Kariakoo, iko Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa vita ile. Maandishi yake yawataja wapagazi pia. Lakini sanamu yenyewe ni ya askari na bunduki yake. Kule Nairobi katika ukumbusho wa namna hiyo mpagazi amechongwa akisimama pamoja na askari; kwetu hayupo. Mshahara wa wengi waliokufa haukuwafikia wazazi wala wajane wao. Sanamu hawakupata, fedha hawakupata, kaburi lenye jina hawakupata. Walipata jambo moja tu, nalo hawakupewa na mkubwa yeyote: watu wa mjini waliendelea kuita mahali pale kwa jina la kambi yao. Kila kondakta wa daladala anayepiga kelele «Kariakoo! Kariakoo!» anawataja bila kujua.

Nanyi mwajua kwamba katika Injili yumo mpagazi. Yumo katika Njia ya Msalaba, kituo cha tano. Simoni wa Kirene alikuwa akitoka shamba, akipita tu njia zake. Askari wa Kirumi wakamkamata, wakamtwika msalaba wa Bwana wetu kwa nguvu. Hakuulizwa kama ataka. Ni mkulima wa Afrika, maana Kirene ilikuwa katika Libya ya leo. Sasa tazama alivyofanya Mtakatifu Marko. Hakuandika kwamba «mtu mmoja» alitwikwa msalaba. Aliandika jina lake, akaandika na alikotoka, akaandika na majina ya watoto wake wawili, Aleksanda na Rufo. Majina ya wale askari waliomkamata hatuyajui hata leo. La mpagazi twalijua.

Basi tufanye vivyo hivyo. Nawaomba mambo matatu, nayo hayana gharama kubwa.

La kwanza, ulizeni. Waliokuwako katika vita ile wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu wao wangali hai, nao ni wazee. Mzee akifa, na habari zake zimekwenda naye. Jioni moja, badala ya kila mtu kuinamia simu yake, baba aseme: leo tutataja waliotangulia. Babu wa babu yetu aliitwa nani? Alikwenda Kariakoo? Alirudi? Andikeni katika daftari, pamoja na jina la kijiji na la watoto aliowaacha. Mwenye Biblia ya nyumbani aandike katika kurasa nyeupe za mwanzo.

La pili, waombeeni. Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Twasoma katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo jinsi Yuda Makabayo alivyokusanya sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa, na Maandiko yakamsifu. Jumuiya ndogo ndogo inaweza kuchanga kidogo kidogo na kupeleka nia ya Misa kwa Paroko: kwa wapagazi wote wa kijiji chetu waliokufa mbali na kwao. Wasiojulikana majina Mungu awajua. Na msiwasahau waliokufa Kariakoo katika siku zetu hizi, wale zaidi ya ishirini waliofukiwa na jengo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024. Wengi walikuwa wametoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta riziki, kama yule mwenye jembe.

La tatu, waheshimuni wapagazi walio hai. Mkifika Kariakoo mtawaona: vijana wenye magunia kichwani, wenye kusukuma mikokoteni katikati ya motokaa, jasho latiririka, nao wapiga kelele wapishwe. Wengi wametoka katika vijiji vyetu. Usimpigie mtu huyo mluzi kama mbwa. Usipatane naye bei, kisha mzigo ukifika ukamkata nusu. Mwite ndugu, mwulize jina lake, umlipe haki yake papo hapo. Na ninyi wazazi wenye mtoto aliyekwenda mjini, msingoje mpaka alete fedha ndipo mseme naye. Mtafuteni, jueni analala wapi, mwunganisheni na parokia ya huko. Mama aliyempoteza kijana wake mwaka 1917 hakuwa na njia ya kumtafuta. Ninyi mnayo.

Basi safari hii ukifungua kifurushi kilichotoka Kariakoo, na mtoto akakuuliza kimetoka wapi, usimjibu kwamba ni sokoni, ukanyamaza. Mwambie habari hii, kisha msali pamoja ile sala ya kuwaombea marehemu raha ya milele.

Kwaherini mpaka juma lijalo. Mungu azibariki nyumba zenu.